Upinde Wako wa Eshi Umelala? Dalili na Tiba za Upinde Mrefu Mzito

Karakana yangu iko Njoro. Kazi yangu ya mkate ni viti na milango, lakini pinde ndizo ninazozipenda, na kwa hiyo wanaochonga pinde ndefu huniletea zao zikiharibika. Wanatoka Nakuru mjini, Molo, Kericho, hata Kisumu. Malalamiko yao hayatofautiani sana, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili natangulia na kisababishi ninachokutana nacho mara nyingi, na ukaguzi usiohitaji kifaa chochote unakuja kabla ya ule wa kutoa randa.

Nikisema upinde mzito namaanisha wa pauni 80 kwenda juu, yaani kama kilo 36, ukivutwa inchi 28 au zaidi. Wapiga mishale hupima uzito (nguvu inayotakiwa kuuvuta upinde, si uzani wake) kwa pauni na mvuto (umbali unaovuta kamba) kwa inchi, nami nitawafuata. Mgongo wa upinde ni upande unaotazama shabaha. Tumbo ni upande unaokutazama wewe. Mabawa ni zile nusu mbili, la juu na la chini. Gongo ni mti uliopasuliwa ambao bado haujawa upinde. Mfuo ni mkato wa nchani unaoshika kamba. Kusawazisha ni kupunguza mbao kidogo kidogo huku ukivuta, hadi mabawa yote mawili yakunjike vizuri.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya mengine yote: mbao ya eshi ina mgongo imara na tumbo dhaifu. Ukivuta kamba, nyuzi za mgongoni zinatanuliwa na za tumboni zinabanwa. Eshi hustahimili sana kutanuliwa, ndiyo maana hufanywa mipini ya majembe na makasia. Kubanwa ndiko kunakoishinda. Karibu kila ugonjwa utakaousoma hapa chini umeanzia tumboni, na mchongaji aliyejifunza kulitazama tumbo huuona ugonjwa mapema.

Kwanza: hiyo ni eshi kweli?

Eshi tunayoipata nyanda hizi za juu ni ya jenasi ya Fraxinus. Asili yake ni Amerika, na wenyeji huiita Meksikani eshi. Utaiona kwenye mipaka ya mashamba na kandokando ya njia. Lakini tunao pia mti wetu wa asili ambao nao huitwa eshi, Kepu eshi, jina lake la kitaalamu Ekebergia capensis. Huo hauna undugu na eshi. Uko katika ukoo mmoja na mwarobaini. Ni mti mzuri wa kivuli, lakini mbao zake ni nyepesi na hazitoi upinde mzito.

Mti ukiwa bado umesimama, kuutambua ni rahisi. Majani ya eshi ya kweli hutoka mawili mawili yakitazamana kwenye tawi, na mbegu zake zina bawa dogo jembamba kama kasia. Majani ya Kepu eshi hupishana, na matunda yake ni ya mviringo, mekundu yakiiva. Mbao ikishapasuliwa, kata ncha yake kwa kisu kikali na uiangalie juani: eshi ya kweli huonyesha safu za vitundu unavyoweza kuviona bila lenzi.

Nayasema haya kwa uchungu. Niliwahi kununua gogo kwenye kiwanja kimoja cha mbao nikiambiwa ni eshi, nikalikausha, nikalichonga wiki tatu. Kwenye pauni 50 likalala kama mkeka. Sijanunua tena gogo ambalo sikuuona mti wake ukiwa na majani.

"Fundi, umelala na hauamki"

Hili ndilo lalamiko namba moja. Umetoa kamba, na upinde umebaki umepinda kuelekea tumboni badala ya kurudi kunyooka.

Pima kwanza, usikadirie kwa macho. Toa kamba, vuta uzi mwembamba kutoka ncha hadi ncha upande wa tumbo, kisha pima nafasi kati ya uzi na mshiko. Pima mara tu unapotoa kamba, na upime tena asubuhi. Kwenye upinde mzito wa eshi, sentimita 3 au 4 ni kawaida na usipoteze usingizi. Sentimita 5 hadi 7 ni onyo. Ikizidi 8, tumbo limeshapondeka, na kazi iliyobaki ni kupunguza madhara.

Kisababishi cha kwanza, na kwa mbali, ni unyevu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Upinde ni kinyume chake: usiukunje ungali mbichi. Gongo la eshi linatakiwa libaki na unyevu wa asilimia 8 hadi 10 kabla ya kulikunja kwa nguvu. Ukaguzi mwepesi ni mizani ya jikoni. Pima gongo lako kila wiki na uandike. Likikaa wiki mbili au tatu bila kupungua hata gramu chache, limelingana na hewa ya mahali ulipo. Kwa jibu la uhakika zaidi, kata kipande kidogo kutoka katikati ya gongo jingine la mti huohuo, kipime, kikaushe kwenye oveni kwenye nyuzi joto 103 hadi kisipungue tena, kisha kipime upya. Kama kilikuwa gramu 112 na sasa ni gramu 100, unyevu ulikuwa asilimia 12, na gongo lako bado halijawa tayari.

Hapo ndipo mahali unapoishi panapoingia. Kisumu kuna hewa ya ziwa, na gongo lililotulia huko bado lina maji mengi kuliko gongo lililotulia Nakuru mwezi wa Februari. Nimeona upinde uliosawazishwa vizuri Njoro wakati wa kiangazi ukipelekwa Kisumu mwezi wa Aprili, mvua zimekolea, ukapoteza pauni kadhaa na kulala sentimita mbili zaidi. Dawa yake tulikuwa nayo tangu zamani: dari ya jikoni. Gongo lililowekwa juu ya moto wa kuni, mahali pa joto la upole na moshi, hukauka vizuri na wadudu hulikwepa. Usilipeleke huko likiwa bichi kabisa, litapasuka. Kwanza likae kivulini miezi kadhaa, ncha zikiwa zimepakwa rangi ya mafuta.

Kisababishi cha pili ni pupa wakati wa kusawazisha. Mtu anataka pauni 100, gongo bado lina pauni 140, naye analivuta kwa nguvu zote "lizoee." Halizoei, linapondeka. Kanuni ninayomwambia kila anayekuja ni kwamba usiuvute upinde kupita uzito unaoutaka, hata kwa sekunde moja, hata ukiwa umevutika inchi 12 tu. Ukifika pauni 100 kwenye inchi 12, simama hapo, punguza mbao, urudi.

Cha tatu ni umbo. Wengi wameona picha za pinde za Uingereza ya kale, nene na za mviringo, wakaiga kwenye eshi. Zile zilikuwa za mti uitwao yuu, wa jenasi ya Taxus, ambao moyo wake hustahimili sana kubanwa. Meli ya Mary Rose ilizama mwaka 1545, na humo zilipatikana pinde nzima zaidi ya 130, zote za yuu. Katika nchi hiyohiyo, eshi ilihesabiwa kuwa mbao ya daraja la pili kwa pinde. Ukitaka eshi ifanye kazi nzito, ipe upana na urefu. Kwa pauni 90 hadi 100 mimi huanza na urefu wa sentimita 190 kutoka mfuo hadi mfuo, upana wa milimita 40 katikati, unene wa milimita 34 ambao nitaushusha polepole, na tumbo bapa lenye kona zilizolainishwa kidogo tu. Tumbo la mviringo kama la mtumbwi huelekeza mzigo wote kwenye ukanda mwembamba, na ukanda huo ndio unaokufa.

Tiba ya upinde uliolala kiasi ni joto. Andaa ubao wenye mkunjo wa nyuma wa sentimita 4 hivi, ufunge upinde juu yake kwa klampi, mgongo ukilala kwenye ubao, kisha lichome tumbo kwa joto la makaa. Mimi huweka makaa yasiyo na ndimi za moto kwenye bati refu, nikaugeuza upinde tumbo chini, kimo cha sentimita 12 hivi kutoka kwenye makaa. Usiuache mahali pamoja. Sogea taratibu hadi tumbo libadilike rangi, liwe kama chai ya maziwa iliyokolea majani, kutoka karibu na mshiko hadi karibu na ncha. Mgongo usipate joto hilo, kwa sababu nyuzi za mgongo zikikauka mno hukatika. Ukimaliza, acha upinde upoe kwenye klampi, halafu uuweke wiki nzima bila kuukunja ili urudishe unyevu kidogo. Wanaoukunja siku ya pili ndio wanaoniletea vipande viwili.

Fanya kazi hiyo nje au mahali pasipo na kuta. Hewa ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua.

Kama umeshauchoma mara mbili na bado unalala, acha. Upinde huo punguza hadi pauni 60 umfae kijana anayejifunza.

Makunyanzi tumboni

Hii ni dalili ya kutisha kuliko inavyoonekana. Ni mistari midogo sana inayokata tumbo kwa upana, kama makunyanzi ya ngozi. Kidole hakiihisi mwanzoni. Zima taa, washa tochi ya simu, uilaze karibu na mbao ili mwanga upite kwa upande. Mistari itajitokeza kama nywele. Fanya hivi kila baada ya kuvuta mara 30 wakati wa kusawazisha, tangu siku ya kwanza.

Mara nyingi chanzo ni kwamba sehemu hiyo inakunjika kuliko jirani zake, yaani imechongwa nyembamba mno. Wengi wakiona makunyanzi huchukua msasa na kuyafuta hapohapo. Hilo ndilo kosa linaloua upinde: umepafanya pembamba zaidi mahali palipokuwa tayari dhaifu. Kunyanzi ni nyuzi zilizovunjika kwa ndani, huwezi kuzifuta. Unachoweza ni kuwapa majirani kazi. Weka alama ya penseli kwenye kunyanzi, usipaguse tena, kisha punguza mbao juu na chini ya hapo, sentimita 10 hadi 20 kila upande, hadi mkunjo ugawanyike.

Mara nyingine mkunjo uko sawa kabisa na makunyanzi yametapakaa bawa zima. Hapo umbo haliubebi uzito uliotaka. Shusha pauni 15 au 20, au fupisha mvuto. Kinachotokea kwa nadra ni fundo la mbao tumboni lililoachwa bila mbao ya kutosha kulizunguka. Hapo kunyanzi huanzia ukingoni mwa fundo.

Simama kabisa, usivute tena, ukiona lolote kati ya haya: kunyanzi moja inapita zaidi ya nusu ya upana wa tumbo, ukucha unakwama ukipita juu yake, au imeonekana tena kubwa zaidi baada ya kupunguza uzito. Upinde wa pauni 100 ukikatika kwenye kunyanzi, kipande cha juu huruka kuelekea usoni na kichwani mwa mpigaji.

Bawa moja linakunjika zaidi, au upinde umeota kiwiko

Kabla ya kugusa mbao, geuza kamba, upande wa juu uwe chini. Kisha angalia kama umeushika upinde katikati ya katikati kwenye ubao wa kuvutia. Nusu ya "mabawa yasiyolingana" ninayoletewa yana kamba iliyokaa vibaya au ubao uliopigwa msumari upande.

Ubao wa kuvutia ni nyenzo ya lazima kwa pinde hizi. Ni mbao nene iliyofungwa ukutani, yenye kitako cha kuushikia mshiko, na kapi chini inayopitisha kamba ya kuvutia. Kati ya kapi na kamba ya upinde weka mizani ya kuning'iniza, ya aina inayotumika kununulia majani chai. Wewe simama mita tatu pembeni, kamwe usisimame mbele ya upinde. Ukutani chora mistari ya kulala kila sentimita 5, utauona mkunjo bila kubahatisha.

Ukishathibitisha kwamba tatizo ni la mbao, tafuta kwa kifaa hiki cha bure: kibao kilichonyooka cha sentimita 15, chenye tundu katikati linaloshika penseli. Upinde ukiwa umevikwa kamba, telezesha kibao kwenye tumbo. Penseli ikichora, hapo ni bapa na pagumu, punguza. Isipochora, hapo pamekunjika, pitia mbali. Pale ambapo nafasi kati ya penseli na mbao ni kubwa ghafla ndipo penye kiwiko.

Kwa nini kiwiko hutokea haraka hivi? Kwa sababu ugumu wa mbao unategemea unene mara tatu: unene kwa unene kwa unene. Bawa la milimita 30 likipunguzwa milimita 3 tu, yaani sehemu moja ya kumi, linapoteza zaidi ya robo ya ugumu wake. Upana hauna ukali huo. Ukipunguza sehemu moja ya kumi ya upana, unapoteza sehemu moja ya kumi ya ugumu, basi. Kwa hiyo karibu na mwisho wa kazi, weka randa chini, shika kipande cha kioo au kikwaruzo, na ukitaka marekebisho madogo chukua pembeni badala ya tumboni.

Bawa la chini liwe gumu kidogo kuliko la juu, kama nusu sentimita ukipima kutoka kamba hadi mbao karibu na mshiko, kwa sababu mkono unakaa chini ya katikati na mshale unapita juu yake. Tofauti hiyo si kasoro. Usiisawazishe.

Kiwiko kikiwa kirefu kama kiganja na bawa lingine liko sawa, unaweza kuuokoa upinde kwa kupoteza uzito. Kikiwa kifupi kama vidole viwili, na hasa kikiwa juu ya fundo, hautaokoka kwa uzito mkubwa.

Mlio, na kibanzi kinachoinuka mgongoni

Umesikia "tik" wakati wa kuvuta. Rudisha kamba polepole. Usiiachie, usirudie kuvuta "kuhakikisha."

Angalia mifuo ya kamba kwanza. Kamba mpya ikijikaza kwenye mfuo hulia, na pembe iliyogundishwa nchani ikianza kuachia gundi hulia pia. Hayo ni madogo. Halafu pitisha soksi ya nailoni juu ya mgongo wote, kutoka mshiko kwenda ncha na kurudi. Soksi ikinasa, umempata mhalifu: uzi wa mbao umeinuka.

Mgongo wa eshi huinua vibanzi hasa kwa sababu nyuzi zimekatwa. Gongo lilipasuliwa kwa msumeno badala ya kabari, nyuzi zikatokeza pembeni katikati ya bawa badala ya kukimbia hadi nchani. Au mchongaji alitaka mgongo bapa akapitisha randa. Huku kwetu kuna ugumu wa ziada: hatuna baridi ya kusimamisha mti kila mwaka, kwa hiyo pete za ukuaji za eshi zinaweza kuwa hafifu, na kufuata pete moja kama wafanyavyo Ulaya ni kazi ya kupofusha macho. Njia ninayoiamini ni kumenya gome tu, na kuiacha ile mbao iliyokuwa chini ya gome iwe mgongo, bila kuigusa kwa chuma chochote. Imenyooka au ina mawimbi, iache na mawimbi yake.

Kibanzi kidogo pembeni kabisa, kisichozidi urefu wa kucha, chenye mzizi usioingia ndani: dondoshea gluu nyepesi ya haraka, kibane, kesho yake zungushia uzi wa kitani au kano la ng'ombe lililolainishwa kwa maji na gundi. Kano hupatikana buchani ukimwomba mchinjaji asilikate. Kisha shusha uzito.

Kibanzi katikati ya mgongo wa bawa kwenye upinde wa pauni 80 na zaidi: huo umekwisha. Usiufunge, usiupake, usimpe mtu mwingine. Ukate vipande viwili ili asije mtoto akauvika kamba. Najua inauma, maana huenda umeukausha mwaka mzima. Mimi mwenyewe nimekata yangu, na niliukata nikiwa nimekaa chini.

Uzito hautoshi

Kama uzito ulikuwepo ukapungua, rudi kwenye unyevu na kulala. Kama haukuwahi kufika, umepunguza mbao mno. Kufupisha upinde kwa kukata sentimita 2 kila ncha huongeza pauni chache, lakini humwongezea tumbo mateso, na kwenye eshi sishauri zaidi ya hapo. Kuchoma tumbo kwa makaa nako huongeza kidogo.

Swali ninalowarudishia wengi ni hili: uzito huo ni wa nini? Waata wa upande wa Tsavo, waliojulikana pia kama Waliangulu, walivuta pinde zinazozidi pauni 100 kwa ajili ya tembo, na walianza utotoni. Siku hizi Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na upinde wako ni wa shabaha tu. Pauni 85 zilizosawazishwa vizuri hupeleka mshale mbali kuliko pauni 110 zilizolala.

Kamba inakimbilia pembeni, upinde unapinduka mkononi

Kagua mifuo: mmoja ukiwa na kina kuliko mwenzake, kamba inavutwa huko. Kisha kagua unene wa bawa kushoto na kulia kwa vidole viwili. Upande dhaifu ndiko kamba inakoelekea, kwa hiyo kwangua upande wa pili, ule mgumu.

Kama mbao yenyewe imejisokota, eshi inakubali mvuke kuliko mbao nyingi nizijuazo. Weka sehemu iliyosokotwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka, ifunike kwa karatasi ya alumini, dakika 40 hivi, kisha ifunge kwenye klampi ikiwa imepindishwa kidogo kupita unyoofu. Iache ipoe hadi kesho. Mvuke umeongeza maji, kwa hiyo hesabu wiki mbili za kukauka upya kabla ya kuvuta.

Mengine kwa ufupi

Upinde unatetemesha mkono hadi kiwiko: mshale ni mwepesi mno, au ncha za upinde ni nzito. Upime mshale. Upinde wa pauni 100 unataka mshale wa gramu 65 hivi au zaidi. Punguza upana wa sentimita 15 za mwisho kila upande. Kuachia kamba bila mshale ni kuuvunja upinde kwa makusudi, hata mara moja.

Unga laini unadondoka kwenye gongo: mbao imebunguliwa. Wadudu hupenda sana wanga wa eshi. Vitundu vikiwa kwenye gome tu, menya haraka. Vikiingia mbaoni, fanya kuni.

Gongo limepasuka ncha wakati wa kukauka: kata hadi mwisho wa ufa, na safari ijayo paka rangi siku ileile ya kupasua. Ukimenya gome mapema, paka na mgongo.

Kamba inakatika: tumia uzi wa poliesta usiotanuka, jumla ya nguvu zake iwe angalau mara 5 ya uzito wa upinde. Nailoni inatanuka na kamba ya katani ya dukani haiaminiki.

Bega linauma: hapa fundi hana kazi. Maumivu yakikuamsha usiku, mkono ukishindwa kuinuka juu ya bega, au vidole vikifa ganzi baada ya kupiga, acha kuvuta na umwone daktari au mtaalamu wa tibamaungo. Usiongeze zaidi ya pauni 5 hadi 10 kwa wakati mmoja, na usipande hadi uweze kuvuta ule ulionao, ukatulia, mara nyingi mfululizo bila kutikisika.

Ukiona unahitaji kuupeleka upinde kwa fundi, utoe kamba kwanza, uzungushie gunia, na usiuegemeze wima kwenye kona ya matatu safari nzima. Weka alama ya penseli mahali ulipoona dalili. Andika kwenye karatasi uzito, inchi ulizofikia, tarehe ulipokata mti, na siku ulipouvuta mara ya mwisho. Uniletee na kile kipande ulichokikata kwenye ncha ya mbao. Hicho ndicho nitakachokitazama kwanza.